Akililia Wembe, Apewe Upi?

Pamezuka katika miaka hii tabia ya kuzisifu mashine za kunyolea za zamani. Twaiona kwa vijana wetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto, na sasa twaiona hata kwa baadhi ya walioko Mombasa na Unguja. Mashine iliyotengenezwa Boston mwaka 1959 yatafutwa mitandaoni kama lulu, na mara nyingine yauzwa kwa fedha nyingi kuliko mpya ya namna ile ile iliyotoka kiwandani juzi. Muuzaji naye hakosi maneno: ati haina mfano, ati haitengenezwi tena, ati itakuzika wewe na kurithiwa na wajukuu. Kijana hununua. Ikifika nyumbani, mamake au mkewe humuuliza swali moja fupi: hii ni ya kunyolea au ni ya kuweka kabatini?

Swali hilo ni la haki, na ndilo tulitakalo kulijibu. Tumeitazama mashine hii kama mnunuzi aitazamavyo bidhaa mbele ya mwenye duka: kuigeuza huku na huku, kuuliza imetoka wapi, ni ya kazi gani, na yastahiki fedha ngapi. Kwanza tuelewane juu ya majina. Wembe ni kile kijibati chembamba chenye makali pande mbili, kiuzwacho kimoja kimoja madukani kikiwa kimefungwa karatasi, ambacho mafundi cherehani wetu hufumulia mshono. Mashine ni chombo chenye mpini na kichwa, kinachoushika wembe ule na kuuacha uchungulize makali yake kidogo tu ili usizame katika ngozi. Wembe hutupwa, mashine hubaki, nasi twazungumza juu ya hiyo inayobaki.

Kabla hatujaendelea, tuliweke mahali pake jambo la ndevu, maana twajua ndilo litakalomjia mdomoni msomaji wa kwanza. Wako maulamaa waliosema kuzinyoa ni haramu, na wako katika Mashafii waliosema ni makuruhu. Khitilafu yao imekwisha andikwa na wanaostahiki kuiandika, na hatutaifungua hapa. Wembe una kazi nyingine nyingi katika nyumba ya Mwislamu. Kunyoa sehemu za siri na kuondoa nywele za kwapani, mambo yaliyowekewa mwisho wa siku 40 katika hadithi aliyoipokea Anas na kuandikwa na Muslim katika Sahihi yake, yawahusu wanaume na wanawake. Kuna kusafisha shingo na mashavu kwa mwenye kuzichonga ndevu zake, na kuna kunyoa kichwa kwa aliyemaliza Hija au Umra. Basi hata mwenye ndevu za kufika kifuani ana haja na wembe, na mama mwenye nyumba vile vile.

Aliyeeneza mashine hizi kwa namna tuijuayo ni Mmarekani King Camp Gillette. Mashine za kuilinda ngozi zilikuwako kabla yake. Ndugu wa ukoo wa Kampfe waliandikisha yao huko Marekani mwaka 1880, ila wembe wake ulikuwa mnene na wa kunolewa kila mara. Gillette alikuwa mchuuzi wa kampuni ya vizibo vya chupa. Mwenyewe alisimulia kuwa William Painter, aliyebuni kile kizibo cha bati tukijuacho katika chupa za soda, alimshauri abuni kitu ambacho mtu atakitumia na kukitupa, ili arudi kununua kingine. Maneno hayo yakamkaa kichwani mpaka asubuhi moja alipokuwa akinyoa. Kampuni ikasimama Boston mwaka 1901, na fundi William Nickerson ndiye aliyepata njia ya kukatia na kunolea bati jembamba namna ile, kazi ambayo mabingwa wa vyuma walikuwa wakisema haiwezekani. Mwaka 1903 waliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata waliuza mashine zaidi ya 90,000. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali yake ikawanunulia askari mashine kiasi cha milioni 3.5, nao waliporudi makwao walirudi na desturi ya kujinyoa wenyewe kila siku, na vinyozi wa kule wakapoteza wateja.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa leo hawalisemi. Wao huinadi mashine ya zamani kuwa ni dawa ya zama hizi za kutumia na kutupa. Kumbe chombo hiki ndicho mmoja wa mababa wa kutumia na kutupa! Kabla yake, wembe mmoja ulinolewa kwa ngozi na jiwe, ukatumika na baba, na mwana akaurithi. Alikuja Gillette akawafundisha watu kuwa makali ni kitu cha kununua kila wiki. Mwanzoni mashine yenyewe iliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanya kazi wa siku zile, kwa hiyo ilibidi iwe imara na ya kuvutia. Haki yake ya ubunifu ilipokwisha mwaka 1921 na wengine wakaruhusika kutengeneza za namna ile, kampuni ikashusha bei ya mashine na kuitegemea zaidi faida ya nyembe, kama mtu akupaye taa kwa bei ya bure ili mafuta uyanunue kwake. Basi asidhani mtu kuwa akiinunua mashine ya babu ametoka katika soko la kutupa na kuingia katika uchaji. Ameingia soko lile lile, kwa mlango wa zamani.

Lakini mlango huo wa zamani una neema yake, na neema yenyewe haikukusudiwa na yeyote. Maadamu haki ya ubunifu ilikwisha, kila mwenye kiwanda akaweza kutengeneza wembe wa makali mawili. Baada ya mwaka 1930 umbo la wembe huo likakaa mahali pamoja, na mpaka leo halijahama. Wembe uliotengenezwa mwaka huu Misri, Uturuki, India, Pakistan au Japani waingia katika mashine iliyotengenezwa Boston kabla ya Vita vya Pili, na waingia barabara. Mnunuzi hakufungwa na mtu. Wa duka hili ukipanda bei, huchukua wa duka la pili. Wa nchi hii ukiharibika, hutafuta wa nchi nyingine.

Kampuni zenyewe ziliona kuwa hapo pana tundu la faida kupotea. Mwaka 1971 kikatoka kichwa cha plastiki chenye nyembe mbili zilizofungwa pamoja. Mwaka 1998 zikawa tatu. Mwaka 2006 zikawa tano. Kila kichwa kina mpini wake, na mpini huo haukubali kichwa cha mwingine, na pengine haukubali hata kichwa cha kampuni ile ile cha miaka ya nyuma. Mpini huuzwa kwa bei nyepesi, kisha mtu hulipa kodi isiyo na mwisho. Atazame mwenye nyumba bei ya kichwa kimoja cha namna hiyo katika duka kubwa, kisha atazame bei ya wembe mmoja wa karatasi kwa muuza duka wa mtaani, ambayo mara nyingi haifiki bei ya kikombe cha chai. Hapo hapahitaji mwanachuoni wa hesabu.

Kwa hiyo kinachostahiki fedha katika mashine hii ni kule kukubali wembe wa kila mtu. Ukale wake hauongezi kitu katika jambo hilo. Mashine mpya ya namna ile ile, itengenezwayo leo, ina uhuru ule ule, na aghlabu hupatikana kwa bei ya chini. Mwenye kushika neno hili moja mkononi hatadanganyika sokoni, na yote yatakayofuata yarudi kwake.

Wako wanaosema kuwa mashine ya zamani hunyoa vizuri zaidi. Tuitie maneno hayo katika mizani. Inyoayo ni wembe. Nyembe walizotumia babu zetu zilikuwa za chuma cha kawaida kishikacho kutu, na baada ya kutumiwa mara chache tu zilikuwa butu. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo Wilkinson Sword wa Uingereza walipotoa kwa wingi wembe usioshika kutu, na wengine wakawafuata. Basi mwenye kutia wembe wa leo katika mashine ya mwaka 1950 anyoa vizuri kuliko alivyonyoa mwenyewe wa kwanza. Na hao wauzao paketi za nyembe za zamani ambazo hazijafunguliwa, wakidai kuwa zina makali yasiyopatikana tena, wauza makumbusho. Za kuweka kabatini ziwekwe, ngozini zisipite.

Ama khabari ya ngozi yenyewe, hapa mashine ya wembe mmoja ina hoja ya nguvu kwa watu wetu. Wengi wetu nywele zetu ni za kujipinda. Nyembe nyingi zilizofuatana hukata unywele chini ya usawa wa ngozi, nao unapoota hujipinda na kuchoma ngozi kwa ndani, na hapo ndipo vipele vya shingoni na chini ya kidevu vinapotoka, vyenye kuwasha na kuacha alama nyeusi. Madaktari wengi wa ngozi huwashauri wenye taabu hiyo wanyoe kwa wembe mmoja, waufuate mwelekeo wa nywele, wasiivute ngozi, wala wasitake kuwa laini kama kioo. Na wasema pia kuwa dawa iliyo hakika kuliko zote ni kuziacha ndevu ziote. Hapo dokta na sheikh wamekutana bila ya kualikana.

Lakini uzuri huo una ada yake, nayo ni ufundi. Kichwa cha plastiki humsamehe mtu wa haraka. Mashine hii haisamehi. Uso, au mahali pengine panyolewapo, sharti palainishwe kwa maji ya vuguvugu kwa dakika kadhaa. Wahenga waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji walijua kuwa maji ni nusu ya kazi. Povu lipakwe, mashine ishikwe kwa kulala kiasi cha nyuzi 30 na ngozi, na iachwe ishuke kwa uzito wake mwenyewe bila ya kukandamizwa. Atakayeikandamiza kama alivyozoea kuikandamiza ya plastiki, damu itamfunza. Kwa sehemu za siri, ambako ngozi ni laini na jicho halioni vyema, asianze kujifunzia huko. Ajifunze kwanza mahali panapoonekana kwa kioo.

Sasa tuishike mashine yenyewe. Ziko za namna nyingi, ila za Marekani zinazosifiwa sana ni mbili. Moja ni ile iliyotoka mwaka 1947, iitwayo Super Speed, ambayo ukizungusha kitasa cha chini ya mpini kichwa hufunguka milango miwili kama mabawa ya kipepeo. Ya pili ni ile nene ya mwaka 1958 hadi 1961, ambayo wapenzi wake wameibandika jina la Fat Boy, yenye pete shingoni iliyoandikwa namba 1 hadi 9. Ukiizungusha pete, wembe hutokeza zaidi au hupungua. Mwenye ngozi laini akaa kwenye namba za chini, na mwenye nywele ngumu apanda. Tukiihukumu kama kazi ya mkono wa fundi, hiyo ya pili ni kazi njema kweli kweli. Vipande vyake vingi vimeshikana pasi na kucheza, uzito umeelemea kichwani mahali unapotakiwa, na mlango hufunga kwa sauti ndogo ya kujiamini ambayo vitu vya plastiki havinayo. Hatuwalaumu walioipenda. Tunalosema ni kwamba namba 9 hazina haja kwa watu wengi: mtu huchagua moja mwezi wa kwanza na kukaa nayo, na pete ile ikawa pambo, na sabuni ikajikusanya ndani yake mahali ambapo burashi ya kusafishia haifiki.

Kwa matumizi ya kila siku twaikhiyari zaidi ile ya vipande vitatu, yaani kofia, kitako na mpini, vinavyofungwa kwa parafujo moja. Kampuni hiyo hiyo ilitoa yake, iitwayo Tech, mwaka 1938, na viwanda vipya vyaiga mpango huo mpaka leo. Haina kitu cha kuharibika, yafunguka yote ikaoshwa kila kipande, na ikidondoka kipande kimoja waona mara moja kilichopinda.

Mwenye kununua aitazame kwa makini, na kama ni ya kuletwa kutoka mbali, adai picha za karibu. Mashine nzuri za zamani mwili wake ni shaba ya manjano iliyochovywa nikeli. Shaba haishiki kutu nyekundu. Ukiona ukijani, huo husuguliwa ukatoka, na ukiona weupe mkavu, huo aghlabu ni sabuni ya miaka tu, nao huondoka kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu. Ama ukiona vishimo-vishimo vilivyokula mpaka ndani, iache. Ile mipini ya mwanzo kabisa, iliyokuwa mrija mtupu, hupata ufa mwembamba wa kwenda juu, na ufa huo hauzibiki. Tia wembe, ufunge, utazame kutoka mbele: mwanya wa kulia na wa kushoto uwe sawa. Mwanya mmoja ukizidi mwingine, mashine ilidondoka ikapinda, na upande mmoja utakukata hata uwe na mkono wa daktari wa upasuaji. Muuzaji asiyekubali kuulizwa haya, fedha na zibaki mfukoni.

Twaja kwenye dhahabu. Msemo wetu kuwa ya kale dhahabu hapa huwa kweli kwa maana ambayo mnunuzi wa Kiislamu hakuitarajia, kwani mashine nyingi za kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950 zilichovywa dhahabu hasa, na hizo ndizo ziuzwazo kwa bei ya juu. Vyombo vya dhahabu na fedha havijuzu kutumiwa, na mwanamume hajuzu kujipamba kwa dhahabu. Kwa chombo cha madini mengine kilichochovywa, wanazuoni wa Kishafii wametofautisha: ikiwa dhahabu ile ni nyingi kiasi cha kupatikana kitu ikitiwa motoni, ni haramu kukitumia, ikiwa ni nyembamba hata hakipatikani kitu, kukitumia si haramu, ingawa kitendo cha kukichovya hakikuruhusiwa. Utando wa mashine hizi kwa kawaida ni mwembamba mno, hata kuusugua kwa unga wa kung'arishia huumaliza. Aliye nayo tayari na amuulize sheikh wake. Ambaye hajanunua ana njia nyepesi, maana namna nyingi zilizotoka kwa dhahabu zilitoka kwa nikeli pia, na ya nikeli hunyoa sawasawa na ni rahisi kwa bei. Kulipa zaidi ili ununue shaka, hilo hatulielewi.

Linalotutia wasiwasi kuliko dhahabu ni burashi. Mashine za zamani mara nyingi huuzwa na mkoba wake, na ndani ya mkoba mna burashi ya kupakia povu. Burashi hizo zilitengenezwa kwa nywele za wanyama, na katika zile za bei ya chini na ya kati nywele zilizotumika sana zilikuwa za nguruwe. Muuzaji hataji, kwa sababu kwake si aibu. Ataandika tu kuwa ni nywele halisi. Kwa madhehebu yetu hiyo ni najisi nzito. Ikilowa, maji na povu lililopita humo limenajisika, na uso umenajisika, na kanzu iliyodondokewa na povu pia, na kuosha kwake ni mara 7, moja yake kwa mchanga. Mtu aweza kusali mwaka mzima katika hali hiyo bila ya kujua, kwa sababu ya burashi iliyokuja kama nyongeza ya bure. Na hata asiyejali haya, afya yake aijali: wakati wa Vita vya Kwanza, watu huko Uingereza na Marekani walipatwa na kimeta kutokana na burashi za kunyolea za nywele za farasi zisizosafishwa, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku burashi zitokazo Japani. Burashi za nailoni zipo, hazina shaka yoyote, hukauka upesi na bei yake ni ndogo. Na vidole vya mkono, kwa aliyezoea, vyatosha.

Imebaki khabari ya damu, na hapa twataka wakubwa wa nyumba watusikilize. Watu wengi huogopa mashine ya zamani kwa sababu ilikuwa ya mtu asiyejulikana, pengine amekwisha kufa. Khofu hiyo ina adabu, lakini imelenga mahali pasipo. Mashine iliyolala kabatini miaka 30, ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikasuguliwa kila kipembe, ikatiwa spiriti, kisha ikawekwa wembe mpya, haina cha kuogopwa kutoka kwa yule marehemu. Cha kuogopwa ni ndugu wa chumba kimoja wanaochangia mashine ile na wembe ule wiki nzima, ati ni damu moja. Virusi vya homa ya ini ya namna ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone lisiloonekana kwa jicho latosha. Virusi vya ukimwi na homa ya ini ya namna ya C navyo vyaweza kuambukizwa kwa wembe wa kuchangia. Undugu hauzuii. Mume na mke pia wasichangie, na baba asimpe mwanawe aliyebaleghe mashine yake akidhani amemfanyia hisani. Mwenye kwenda Makka naye asimpe kichwa chake kinyozi wa njiani mwenye wembe mmoja na foleni ya watu kumi. Wako wenye idhini watumiao wembe mpya kwa kila haji, au na achukue wake katika mzigo wa chini wa ndege, maana nyembe haziruhusiwi ndani pamoja na abiria.

Jambo hili la kila mtu na yake ndilo linaloamua bei. Nyumba yenye baba, vijana watatu na mama ina haja ya mashine tano. Fedha za mashine moja ya kifakhari ya mwaka 1959 mara nyingi zanunua tano mpya za vipande vitatu, na za kubaki zanunua nyembe za miezi. Mwenye kutoa fedha hizo kwa yake mwenyewe, na huku wanawe wanachangia cha plastiki kilichokwisha makali, hatuoni la kumtetea nalo.

Wahenga walisema mwana akililia wembe apewe. Hawakusema apewe wa bei gani. Ikiwa mashine ya babu imo katika sanduku la nyumbani, itolewe, ioshwe kama tulivyosema, itiwe wembe mpya na itumike; hakuna khiyari kuliko hiyo, na kuiacha ioze ili ununue ya plastiki ni khasara ya wazi. Ikiwa imepatikana kwa muuza vikuukuu kwa bei ya chombo, na imepita mtihani wa mwanya na ufa, inunuliwe. Ikiwa bei yake ni ya hadithi inayosimuliwa juu yake, ya jina la Fat Boy na mwaka uliochapwa chini ya kichwa, basi hiyo ni ya wakusanyaji, na mwenye kutaka kunyoa aende akanunue mpya, ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Mpya pia zina udanganyifu wake: nyingi za bei ya kutupa mwili wake ni zinki iliyochovywa, na parafujo ya zinki hukatika ndani ya kichwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Aulize ni madini gani kabla ya kulipa.

Na nyembe zilizokwisha zisitupwe ovyo jaani, ambako mtoto au mwokota chupa atazikanyaga. Wamarekani walikuwa na akili ya kuchekesha katika jambo hili: kabati zao za bafuni zilitobolewa mwanya mdogo nyuma, na wembe uliokwisha ukasukumwa humo ukaanguka ndani ya ukuta, na hata leo mafundi wabomoao nyumba za zamani huko hukuta lundo la nyembe zilizoshika kutu. Kuta zetu za mawe na udongo hazina nafasi hiyo. Kopo la maziwa lisilofunguliwa mfuniko, likakatwa mwanya mmoja wa upana wa wembe, maziwa yakamiminwa na kopo likaoshwa, kisha likawekwa juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, hupokea nyembe za nyumba nzima kwa miaka kabla halijajaa.